Kiti cha Mama Kando ya Tangi

Mume wangu aliniachia vitu viwili: talaka, na tangi la samaki lenye urefu wa kitanda cha mtoto. Talaka niliitia mkobani, tangi nikalipakia kwenye pikapu, nikarudi Malindi kwa mama. Watu walinicheka. Mwanamke kaachwa, badala ya kurudi na masufuria karudi na samaki! Acheke anayecheka, nilisema. Nikaliweka sebuleni, nikalijaza maji ya bahari, nikawatia ndani samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na tumbawe moja laini lililokuwa likifunguka kila asubuhi.

Aliyelipenda hasa ni mama. Alikuwa ameanguka chooni na nyonga yake haikuunga sawa, na yeye aliyezaliwa Mambrui, akakulia ufuoni, hakuweza tena kuifikia bahari. Akaomba kiti chake kisogezwe kando ya tangi. Alikaa hapo tangu chai ya asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, kipande cha mkate wa boflo mkononi, akizungumza na wale samaki.

"Huyu mdogo ana kiburi," aliniambia siku moja. "Kama wewe."

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu niachwe.

Baada ya miezi michache maji yakaanza kuharibika. Vioo viliota mwani mrefu kama nywele, na tumbawe likajikunja likakataa kufunguka. Binamu yangu wa Mombasa, ambaye naye hufuga samaki, akaniletea chupa za dawa ya kupimia maji. Unatia maji kidogo kwenye kichupa, unadondosha matone, unatikisa, unangoja. Yakibaki manjano ni mazuri. Yakiwa mekundu yamejaa naitreti, ile sumu ya polepole inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichooza. Yangu yalikuwa mekundu kama ubuyu wa dukani.

Basi nikaanza kazi. Mto Sabaki ulikuwa umefura na bahari ya mjini imekuwa kama chai ya maziwa, kwa hivyo nilipanda tuktuk na madumu yangu hadi Mayungu, nikateka maji safi. Nilitoa nusu ya maji ya tangi, nikatia hayo mapya. Rangi ikashuka. Wiki mbili baadaye ikapanda tena. Nikapunguza chakula, nikasugua mawe, nikaosha sponji ya pampu. Ikapanda vilevile.

Kila asubuhi pia niliongeza majagi mawili ya maji matamu, kwa sababu joto la kwetu hukausha maji na kuiacha chumvi nyuma. Maji hayo sikuyatoa bombani, maana ya bomba yana dawa inayoua samaki. Niliyachota kwenye kisima cha uani, alichokichimba marehemu baba kwa mikono yake. Mtaa mzima ulikuwa ukikisifu kisima kile.

Binamu akaniambia kwa simu, "Kuna mtu anawalisha na wewe hujui."

Siku hiyohiyo nikaona makombo ya boflo juu ya leso aliyojifunga mama, na mengine sakafuni, chini ya tangi. Mdomo wangu mimi haujui breki.

"Mama, unawapa mikate?"

"Wallahi sijawapa kitu."

"Na haya makombo ni ya nani?"

"Ni yangu, nakula. Meno sina, mwanangu, makombo yananidondoka." Akaonyesha uani kwa kidole. "Hebu tazama maji ya kisima. Tangu zijengwe hizi nyumba za kupangisha hapo nyuma, mashimo ya vyoo yamekaribia ukuta wetu."

Lo! Niliwaka. Nilimwambia asimsingizie baba na yuko kaburini. Nilimwambia amezeeka, hajui tena mkono wake unafanya nini. Naam, maneno hayo niliyasema mimi, kwa mama yangu, sebuleni kwake. Kisha nikakibeba kiti chake nikakiweka karibu na mlango wa jikoni, na kopo la chakula cha samaki nikalifungia kabatini.

Siku ya tatu mama alimpigia simu kaka yangu aje amchukue, akaenda Mambrui. Alitoka katika nyumba aliyoolewa ndani yake, akazaa ndani yake, akafiwa ndani yake, kwa ajili ya maji ya samaki.

Baada ya kuondoka hapakuwa na boflo wala kombo, lakini maji yaliendelea kuwa mekundu. Yule samaki mdogo nilimkuta amelala ubavu juu ya mchanga. Hapo ndipo nilipochukua kichupa, nikaenda kisimani, nikapima maji ya baba. Nilitaka yawe manjano. Niliomba yawe manjano. Yaligeuka mekundu hata kabla sijamaliza kutikisa, mekundu kuliko ya tangi.

Nilikaa chini pale uani. Kumbe kila asubuhi, jagi kwa jagi, sumu naitia mimi mwenyewe.

Nikaacha kisima, nikaanza kununua maji yaliyochujwa. Nikabadilisha maji ya bahari mara tatu. Mwisho wa mwezi kichupa kilibaki manjano na tumbawe likafunguka. Nikaenda Mambrui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekukosea. Ni kisima. Ulisema kweli, nami nilikutukana. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe," alisema, kwa sauti ileile anayomjibia mgeni. "Samaki hawajambo?"

Alikubali kurudi. Nilikuwa nimekiweka kiti chake mahali pake, kando ya tangi, na mto mpya juu yake. Akakaa. Akatazama kwa muda mrefu.

"Yule mdogo yuko wapi?"

"Alikufa, mama."

Nikamletea chai na boflo. Alisema nipeleke jikoni, atakula hukohuko. Nikafungua kabati, nikatoa kopo la chakula, nikamwekea mapajani.

"Walishe wewe, mama. Kuanzia leo ni kazi yako."

Alilitazama lile kopo. Kisha akanirudishia, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani.

"Walishe mwenyewe, mwanangu," alisema. "Lisije likatokea jambo."

Hadi leo hukaa pale kila asubuhi. Hazungumzi tena na samaki. Huwatazama tu, na mikono yake miwili ameificha ndani ya leso.