Kidole Gumba cha Mama Kwato

Mama Kwato hakuwahi kukaa darasa la udaktari, lakini kwenye lile banda la farasi wa mashindano nani angethubutu kumfundisha kazi? Miaka kumi na tisa alichoma sindano. Kila mgeni kazini alipokewa kwa wimbo uleule: "Mapigo ya farasi hushikwa chini ya taya, kwenye ateri, kwa vidole viwili. Kidole gumba kaa nacho mfukoni! Kina mapigo yake, kitakudanganya mchana kweupe."

Aliyemfunza ni daktari wa mifugo, siku alipompasua farasi aliyekufa. Ateri kuu inayotoka moyoni ilikuwa nene kama mpira wa kumwagilia bustani. Ukiivuta, inarudi, maana moyo ukipiga, ateri hiyo hutanuka, kisha hujikaza kuisukuma damu mbele. Zile za miguuni zilikuwa nyembamba, zenye misuli ya kugawa damu kwa kipimo. Vena sasa, mshipa wa kurudisha damu moyoni? Imelala bapa kama soksi iliyolowa.

Asubuhi ile Shangazi, farasi jike aliyeitwa hivyo kwa ubabe wake, alikuwa akijibwaga chini kwa maumivu ya tumbo. Mama Kwato ndiye aliyempokea alipozaliwa. Daktari alikuwa njiani, akapiga simu.

"Mama, mchome dawa ya kumtuliza, kwenye vena ya shingo. Juu, siyo chini! Tanguliza sindano tupu uone damu."

"Kwani mimi nimeanza jana?"

Lo! Haraka haina baraka, na yeye alijua. Sehemu ya juu ya shingo kuna msuli unaotenga vena na ateri. Chini zimekaa bega kwa bega. Shangazi alirusha kichwa, mkono ukateleza chini, na Mama Kwato akasukuma dawa bila kuangalia damu. Angeangalia, angeiona nyekundu, ikiruka. Ya vena ni nyeusi, hudondoka tu. Dawa ikaingia kwenye ateri, ikapanda moja kwa moja ubongoni. Farasi akatetemeka mwili mzima, akaanguka, akatupa mateke, kisha akatulia.

"Shangazi! Inuka, mama, inuka! Mungu wangu, nimefanya nini?"

Akapiga magoti kwenye majani makavu, akaingiza mkono chini ya taya. Hakuna kitu. Akabonyeza tena kwa nguvu, machozi yamemziba macho. Hapo! Kinadunda, tena mbio mbio. "Yu hai! Usiniache na kosa langu, nisamehe, mama."

Nusu saa baadaye daktari alimkuta hivyo hivyo. Akaligusa jicho la farasi, halikupepesa. Akasikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Amekwenda, mama."

"Amekwenda wapi? Anadunda! Tangu aanguke anadunda, njoo ushike mwenyewe!"

Daktari akachuchumaa, akautazama ule mkono chini ya taya. Vidole vinne vilikuwa vimekunjwa. Akautoa polepole, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Mama Kwato," akasema kwa sauti ya chini, "umetumia kidole gumba."