Pindo la Mama Zuhura

Popote nilipo, na nimetangatanga kwingi tangu niache shule, nikisikia harufu ya rangi iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, narudi uani kwetu Mtoni, enzi za Mwingereza.

Mama yangu, Mama Zuhura, aliongoza chama cha ngoma. Jumamosi moja kulikuwa na harusi ya kushindana kwa ngoma, na wapinzani wake, akina Bi Tausi, walikuwa wamezinunua kanga zote za sare madukani. Wakatuletea salamu: "Mwambieni avae magunia, tutampisha acheze!" Bila sare, chama cha Mama kisingekanyaga uwanjani.

Mama akamwendea Kishan, mtoto wa Mhindi mwenye duka jirani. Baba yake alimwita mzigo, maana alichora tu siku nzima. Kishan akawamba hariri ya sari kuukuu kwenye fremu ya mbao. Akapaka gundi pale asipotaka rangi ipite, akailaza juu ya bafta nyeupe, akaivuta rangi kwa kipande cha mpira. Fremu ilipoinuliwa, ndege wekundu walitokea kitambaani. Nilipiga kelele kama niliyeona jini.

Wanawake wa chama wakakitandaza, wakatazamana.

"Ndege wazuri," akasema mmoja. "Ila pindo liko wapi? Hili pazia, Kishan! Tukacheze, au tukajitundike dirishani?"

Wakacheka mpaka Kishan akawa mwekundu kuliko ndege wake. Mama hakucheka. Yeye ndiye aliyewapaka hina maharusi wa Mtoni.

"Lete fremu nyingine, mwanangu. Na hiyo gundi."

Akachovya kijiti, akachora maua na vikonyo kuizunguka hariri, kama aliyeshika mguu wa bibi harusi. Kishan akachuchumaa kando yake, hata kupepesa macho akasahau.

"Umejifunza wapi, Mama?" akauliza.

"Miguuni mwa watu."

Walipochapa, vikonyo vilibaki vyeupe ndani ya pindo jekundu. Jumamosi tukaingia uwanjani, wanawake wote ndege na maua, na Bi Tausi akakatisha wimbo katikati. Tuliimba hadi sauti zikakauka. Mie nilijua tumemshinda Bi Tausi, basi.

Miaka mingi baadaye, katika mji wa mbali, nilikimbia mvua nikaingia kwenye jumba la maonyesho. Ukuta mzima ulikuwa picha zenye sahihi ya Kishan, watu wamevua kofia mbele yazo. Na kila picha, ya bahari, ya soko, ya mamake mzee, ilizungukwa na vikonyo vyeupe juu ya wekundu.

Mlinzi akaniuliza nacheka nini.

"Hilo pindo," nikamwambia, "ni la mama yangu."