Nilimwambia mama kwamba nilimuita mudogo wangu ku bahari ya Ugiriki

Admin, ficha jina yangu na kazi yangu, juu Bunia ni ndogo na mama yangu iko na wajukuu wenye kumusomea page hii.

Niko mwanamuke wa miaka 34, nimeolewa, niko na watoto wawili. Siye ni watu wa upande wa Mahagi, tulizaliwa pembeni ya ziwa, vita ikatuleta Bunia. Mudogo wangu wa kiume, nitamuita Dieudonné, alienda kutafuta maisha Ulaya, akaacha bibi yake wa ndoa na mutoto mumoja. Miaka ine imepita tangu rafiki yake alitupigia simu, akasema mashua yao ya mpira ilipinduka kati ya Uturuki na Ugiriki. Maiti haikuonekana. Mama akavaa nguo nyeusi, akakataa kuivua. Alikuwa anasema, "Mutu hawezi kuzikwa na simu."

Mwaka huu kazi ilinichagua kwenda formation, mafunzo ya juma mbili, kule Athènes. Mama aliposikia ni Ugiriki, alikaa chini kwanza. Kisha akaniambia: "Ufike hata siku moja ku maji ile. Umuite jina yake mara tatu. Umuambie mama amekubali apumzike. Sikuombi kitu ingine." Nikamuahidi.

Siku ya mungu, wenyeji waliotupokea kule walitupeleka matembezi ya bateau ku bahari: kutoka asubui, kuzunguka ku visiwa, kusimama pahali mbili watu waogelee, kurudi magaribi. Nikasema njo nafasi yangu. Nilijua pahali alifia iko mbali, lakini bahari haina ukuta.

Bateau ilijaa wazungu wenye kujipakaa mafuta, muziki iko juu. Ku kisiwa ya kwanza tulitembea, nikanunua kofia. Iliposimama mara ya kwanza katikati ya maji, nilienda nyuma kabisa, nikashika chuma, nikafungua kinywa. Pembeni yangu mwanaume mumoja alikuwa analamba glace ya baridi, ananiangalia. Jina ikakataa kutoka. Nikasema moyoni, nitamuita ku pahali ya pili.

Ku pahali ya pili maji ilikuwa bleu, lakini unaona mawe mupaka chini. Mwenzangu wa mafunzo, wa Sénégal, nitamuita Awa, akaniuliza, "Weye si ulisema umezaliwa ku ziwa? Ao ilikuwa maneno tu?" Akaniazima nguo yake ya kuogelea, nikavaa na T-shirt juu, nikaruka.

Ndugu zangu, tangu tukimbie ziwa sikuwa nimeogelea tena, karibu miaka makumi mbili. Chumvi iliniingia ku pua, nikakohoa, nikacheka. Mwili ilikumbuka yenyewe. Nililala mugongo, masikio ndani ya maji, nisisikie mutu yeyote. Nilipiga mbizi, nikamurushia Awa maji, yeye akiwa juu ya bateau na telefone yake, nikaimba nyimbo za utoto. Nusu saa ile yote sikumukumbuka Dieudonné hata mara moja. Nilikuja kumukumbuka wakati tumefika ku bandari, wameisha kufunga kamba, tunashuka kwa mustari.

Nilikuwa ningali ndani ya bus mama alipopiga.

"Ulimuita?"

"Ndiyo, mama. Mara tatu."

"Na maji ilifanya nini?"

Sikutegemea ulizo hiyo. Nikasema, "Ilitulia."

Kisha nikamusikia analia polepole, anasema, "Aksanti mwanangu. Aksanti."

Niliporudi, nilimukuta amevua nguo nyeusi. Aliomba misa, akapikia jamaa yote, akawaeleza namna maji ilitulia. Sasa anakula vizuri, tension ya damu imeshuka, amerudi kuimba ku chorale. Tena alimuita bibi ya Dieudonné, nitamuita Jeanne, akamuambia mbele ya wazee: "Bwana yako amepumzika. Uko huru." Jeanne alikuwa amemungojesha mwanaume mumoja muzuri miaka mbili, juu ya kungoja ile neno tu. Wakaanza kutayarisha ndoa.

Juma iliyopita Jeanne alikuja kwangu. Nikamupa telefone aone picha za safari, nikaenda kuangalia mboga ku moto. Niliporudi, alikuwa anaangalia video yenye Awa alinitumia. Mimi ndani ya maji, nacheka kinywa wazi. Aliangalia mupaka mwisho.

"Ni siku ile?"

"Ni siku ile."

"Ulimuita mbele ya kuogelea hivi, ao nyuma yake?"

Nilitafuta uongo ingine, nikaikosa. "Sikumuita."

Hakupiga makelele. Aliweka telefone juu ya meza. "Yaya, dada yangu mukubwa, siko nakukasirikia juu ya kuogelea. Lakini mama alinifungua na kitu yenye haikufanyika. Nitaingia namna gani ku nyumba ya mwanaume mwingine?"

Nikamuomba anyamaze. Akasema hatamuambia mama: "Kinywa yenye ilisema, njo itasahihisha." Lakini amesimamisha ndoa mupaka niseme, na mwanaume hajui sababu. Mama naye ameanza kumulaumu Jeanne, anasema anachezea mutoto wa watu. Jeanne anapokea matusi hiyo, anatazama chini, hanitaji.

Bwana yangu anasema ninyamaze, niende Mahagi niite jina ku ziwa, mambo itaisha. Lakini mama hakunituma ku ziwa. Na nikisema kweli, naogopa atavaa tena nyeusi na mara hii hataivua.

Nilienda kuungama. Uongo niliutubu. Ile nusu saa ndani ya maji nilishindwa kuitubu, juu tangu mudogo wangu afe, njo siku moja tu nilikuwa mutu mwenye uzima. Hiyo sijamuambia mutu, hata bwana yangu.

Wamama wenye kusoma hapa, nawauliza ninyi kwanza. Ningekuwa mutoto wako, ungependa nikuambie, ao uniache nibebe peke yangu? Na Jeanne, nimufanyie nini? Nisaidieni na mawazo, nitasoma yote.