Shahidi wa Nyuma ya Goli

Mume wangu ana hadithi moja tu, na watoto wetu wameihifadhi: goli alilofunga fainali ya mpira wa magongo, Unguja, mwaka alionioa. Akija mgeni nyumbani kwetu hapa Satwa, Dubai, kabla kahawa haijapoa keshalifunga tena. Miye hapo hukimbilia jikoni. Watu hudhani nimeichoka hadithi yenyewe. Sikuichoka, naiogopa.

Magongo ya zamani, jamani! Leo wanacheza juu ya zulia la buluu lililomwagiwa maji, magolikipa wamevaa kofia za chuma mpaka usoni. Sisi tulikuwa na nyasi zenye mashimo, na mpira mgumu uliopakwa chokaa kila mapumziko ili uonekane. Magongo tuliyaviringishia mpira wa baiskeli pale pa kushikia. Golikipa alivaa mapedi ya sufi, na yakipasuka, sufi ilitapakaa uwanja mzima, sisi wasichana nyuma ya goli tunapiga vigelegele huku tunapiga chafya. Halipwi mtu hata senti. Ukishinda unakunywa sharubati. Wallahi tulistarehe!

Kamera hazikuwapo. Refa asipoona, aliuliza watu.

Siku ya fainali miye nilishangilia timu ya mtaa wetu. Golikipa wetu alikuwa jirani, mlango kwa mlango, ndiye aliyenifunza kupanda baiskeli nikamwita kaka. Mchezo unakaribia kwisha, kijana mmoja wa timu ya pili, mwembamba, ana mwanya, akaja mbio. Mpira ukampiga kidole gumba cha mguu, ukaingia golini. Kwenye magongo haijuzu hiyo: mpira ukimgusa mshambuliaji mguuni, goli hakuna. Refa alikuwa mbali. Kaka yangu akapiga kelele, "Mguu! Mguu!" kisha akaninyooshea kidole. "Muulizeni yule. Wa kwetu, lakini hasemi uongo."

Refa akanijia. Nami yule kijana mwenye mwanya nilikuwa nimeshamtazama wiki tatu akifanya mazoezi, usingizi sipati. Nikasema, "Goli halali."

Kombe likaenda kwao, na miye nikaenda kwake. Kaka yangu watu wakamwita kapu lililotoboka, mpaka akahama zake, nikasikia yuko Maskati. Tukaja huku, tukazaa, tukalea, na kila nikisikia hadithi ile roho ilinisuta.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa fundi wetu wa cherehani, Mpakistani wa mtaa wa pili, kuchukua nguo za harusi ya mjukuu. Ana televisheni juu ya kabati la vitambaa, na siku hiyo ilionyesha magongo. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja akingoja kanzu yake. Refa wa kwenye televisheni akasimamisha mchezo, picha ikarudishwa polepole, goli likafutwa.

"Lo!" akasema yule mzee, Kiunguja safi. "Tungekuwa na hiki wakati wetu, nisingeitwa kapu."

Nguo ziliniponyoka. Mume wangu akageuka, wakatazamana, wakakumbatiana kwa makelele mpaka wateja wa nje wakachungulia. Kumbe ndiye kaka yangu, amekuja Dubai kumtazama mwanawe. Na mume wangu, mtu huyu hana haya, akaanza hadithi yake palepale! Fundi akasimamisha cherehani asikilize.

Kaka yangu akamwacha amalize. Kisha akanigeukia.

"Dada, tumeshazeeka. Kombe silitaki. Lakini wajukuu zangu wananitania kwa goli hilo mpaka leo. Niambie tu, ulionaje?"

Nilimtazama mume wangu. Hadithi yake ya pekee, na miye ndiye wa kuivunja, mbele za watu. Niliona aibu, nikamwonea huruma pia. Lakini huyu mwingine nilimwonea huruma zaidi.

"Mpira ulimpiga mguuni," nikasema. "Nilisema uongo kwa sababu nilimtaka huyu. Nisamehe, kaka yangu."

Mume wangu akainama, akavua kiatu na soksi. Mtu huyu, na joto lote la Dubai, havai ndara. Ukucha wa kidole gumba mweusi, umepinda. Miaka yote akiniambia aliangukiwa na sanduku.

"Sanduku hakuna," akasema. "Nilidhani najua peke yangu."

"Mwongo we!"

"Na wewe je, bibie?"

Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Fundi, ambaye Kiswahili amekiokota kwetu, akapunga mikono huku na huku kama refa. "Khalas, basi, madam! Goli hakuna!"

Kaka yangu hakucheka. Alitoa simu, akawapigia wajukuu zake Maskati. Vichwa vikajaa kwenye kioo. Akanisogezea.

"Waambie wewe, dada. Polepole, wasikie wote."

Nikajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Miye nilikuwa nyuma ya goli, wanangu," nikasema. "Babu yenu hakufungwa."