Bibi Bernadeta na vitabu vya kuonja katikati

Saa mbili asubuhi, juu ya mawe ya Kirumba, jua limeshashika na dagaa wameshaanikwa kwenye nyavu kuukuu. Bernadeta Masalu, miaka sitini na miwili, anawachambua kwa mkono wa kulia: wazima huku, waliovunjika kule, kokoto nje. Mkono wa kushoto umeshika kitabu cha hadithi, naye anasoma kwa sauti.

"Kisha?" anauliza mjukuu wake Queen, miaka tisa, mguu mmoja kaunyoosha juu ya mto.

"Subiri, mke mwenzangu. Nigeuze hawa kwanza."

"Geuza haraka, Bibi! Fundi saa wa watu ataibiwa!"

Hii ndiyo shule ya Queen tangu Juni, alipoteleza kwenye mawe na kuvunjika paja. Nyumba yao iko juu kabisa, na kushuka ni kuruka jiwe hadi jiwe. Mtoto mwenye chuma mguuni angeshukaje?

Shule ilikubali asome nyumbani, kwa sharti moja. Mwisho wa mwaka mwalimu wake wa darasa, Nestory Mihayo, angekuja kumpima. Akishindwa, angerudia la tatu huku wenzake wakiingia la nne.

"Usingizi uliniruka," anasema Bernadeta. "Mimi ni la saba la mwaka sabini na saba. Nitamfundisha nini mtoto wa siku hizi?"

Msaada ulikuja, tena mwingi. Jirani alileta masomo ya nyumbani yaliyoandaliwa na kanisa lake. Atieno, bibi mzaa baba wa Queen, akatuma mengine ya kanisa lake kutoka Mara. Yote yalianza na mafundisho ya dini, hata hesabu. Moja likasema siku ya kupumzika ni Jumapili, jingine Jumamosi.

"Queen akaniuliza, 'Mwalimu akija nijibu ipi?' Nikampigia Atieno. Tulibishana mpaka vocha ikaisha."

"Na bado ni Jumamosi, mkwe," anadakia Atieno, aliyekuja kuwatembelea, kikombe cha uji mkononi.

"Kunywa uji wako."

Wanacheka wote wawili. Walikubaliana kwamba sala kila bibi atamfundisha kwa siku yake, ila vitabu vya shule ya nyumbani visiwe vya kanisa la mtu. Viwe vya hadithi, kwa sababu hadithi ndizo zilizokuwa zikimtuliza Queen hospitalini.

Ndipo Bernadeta alipokosea. Alishuka mjini akakuta seti nzima ya vitabu, majalada yanang'aa, shilingi elfu themanini na tano. Hayo ni karibu mapato ya wiki mbili za kuanika. Akalipa. Ukurasa wa tatu, Queen akasinzia.

"Nilinunua kama mgeni wa soko la dagaa la Mwaloni," anasema, akijigonga paji la uso. "Mgeni anaangalia dagaa wa juu ya gunia. Mwenyeji anazamisha mkono mpaka kiwiko, anatoa wa katikati, ananusa, anatafuna mmoja."

Safari ya pili akaenda Mabatini, kwa Machibya, muuza vitabu vilivyotumika. Akawa anafungua kila kitabu katikati na kusoma ukurasa mzima kwa sauti, kasimama pale pale njiani.

"Mama, unanunua au unahutubia?" Machibya akamuuliza.

"Nyamaza, natafuna."

Kilichomfanya atamani kufunua ukurasa unaofuata kiliingia kapuni. Alirudi na kumi na moja. Usiku na mchana akavilinganisha na orodha ya mada aliyoandikiwa na Mwalimu Nestory. Hadithi ya boti la mananasi la Sengerema ikawa somo la kuzidisha. Ya binti wa kwenye matete ikawa mimea na wadudu. Ya dada wawili wanaoandikiana barua ikawa uandishi.

"Ila kugawanya kwa njia ndefu hakuna hadithi," anakiri. "Hapo unakaa na kalamu, unalia kidogo, unaendelea."

Alhamisi iliyopita Mwalimu Nestory alipanda mawe, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa chini, usije ukaanguka na wewe."

Kipimo kilichukua saa mbili. Bernadeta alijificha nyuma ya nyumba, akaosha sufuria moja mara tatu. Queen alikosa hesabu mbili za kugawanya. Kisha akapewa hadithi ngeni, mwisho wake umefunikwa kwa karatasi, aseme itaishaje. Akatoa miisho mitatu. Ulipofunuliwa ule wa mwandishi, akaukataa na kueleza kwa nini.

"Miaka kumi na minne nafundisha, sijapingwa vile," anasema Nestory. "Anaingia la nne. Hesabu za kugawanya tutazinyoosha huko huko."

Vigelegele vilivyofuata viliwafanya majirani wadhani imeletwa posa. Atieno alicheza mpaka uji ukamwagika.

Daktari amesema kufikia Januari Queen ataweza kushuka kwa gongo moja. Lakini hatashuka peke yake. Mwalimu amemwomba Bernadeta awe anakwenda kila Ijumaa kuwasomea watoto wa darasa la kwanza, naye ameshakubali na ameshashona gauni.

"Mimi la nne, Bibi la kwanza," anasema Queen, anacheka hadi anashika mbavu. "Asijali. Nitamwonyesha choo kilipo."