Damu kwa Jina la Papa Eugène

Pétronille Lofemba ni Mgenya, wa wale wavuvi wa pale kwenye maporomoko, na ukitaka kumkasirisha, mwambie samaki wake wa moshi ni wa juzi. Ana miaka thelathini na sita, watoto wanne, na ulimi ambao soko zima linauogopa. Baba yake, papa Eugène, alipopasuliwa tumbo kwa sababu ya saratani, Pétronille ndiye aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake wiki tatu, na ndiye aliyetoa damu mara mbili mzee aongezewe. Kwetu ndivyo ilivyo: mgonjwa akihitaji damu, ndugu ananyoosha mkono.

Miezi mitatu baadaye daktari Isaïe alimweleza mzee kuhusu kipimo kipya. Chembe za saratani ya tumbo, alisema, huweza kuchomoka na kutembea ndani ya damu kabla uvimbe mwingine haujaonekana popote. Kinshasa wana kichujio chenye matundu madogo mno. Damu inapita, chembe zinanasa. Zikionekana, dawa zianze upya haraka. Mzee aliitikia kwa heshima zote, kisha akatoka nje akampa binti yake habari yote kwa maneno mawili: "Banataka damu."

Nasra, muuguzi wa maabara, akachungulia mlangoni na kuita familia, "Famille Lofemba!" Mzee alikuwa amepauka midomo. Pétronille akamsukuma kidogo arudi kwenye benchi.

"Bakia, papa. Weye damu imebakia kidogo."

Akaingia yeye, akakunja mkono wa blauzi. Nasra, aliyezoea kutoboa ndugu za wagonjwa kutwa nzima, akajaza chupa ndogo, akabandika juu yake jina la Eugène Lofemba. Hakuuliza kitu. Pétronille naye hakuona la kueleza. Nasra ninamkasirikia hadi leo, lakini Pétronille nimkasirikie vipi?

Majibu yalirudi baada ya wiki tano. Daktari Isaïe akamwita Pétronille peke yake, mzee akabaki barazani.

"Maman Pétronille, jikaze. Tumepata chembe saba."

"Saba iko mingi?"

"Hata moja sikuitaka. Kansa iko natembea ndani ya damu."

Pétronille akapiga yowe, akajipiga mapaja. Mzee wake! Baada ya kisu chote kile, baada ya uji wote ule! Akalia mpaka kilemba kikamdondoka, na katikati ya kilio akalalamika, "Na miye nilitoa damu yangu, docteur, nikasema itamusaidia!"

Daktari akaweka kalamu chini.

"Damu gani?"

"Ile ya chupa kidogo. Papa alikuwa bila nguvu, donc nikaingia miye."

Daktari Isaïe akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akamuuliza siku hizi anakula namna gani. Pétronille akasema lituma, zile ndizi za kuponda, anamaliza nusu sahani tu, tumbo linajaa upesi, ni gastrite tu, tumbo kuwaka, wanawake wote wa soko wanayo. Alipofika hapo akakumbuka chupa ile ilikuwa na damu ya nani. Kilio kikakatika chenyewe.

"Docteur, miye siko mugonjwa. Jana nilibeba beseni mbili."

"Kipimo kimoja hakitoshi," daktari akasema polepole. "Kesho tutaangalia ndani ya tumbo yako na kamera. Na papa atatoa damu yake, yeye mwenyewe."

Pétronille akatoka barazani. Papa Eugène akainuka kwenye benchi, kofia mkononi, tayari kwa lolote.

"Banasema nini juu yangu?"

Mwanamke ambaye soko zima linamwogopa akaketi kwanza kando yake.

"Papa, juu yako bado habayasema kitu," akasema. "Banasema juu yangu."