Kisu cha Mkono wa Mtani

Mie ni karani wa ghala, na pori lililo karibu na kwangu Mbweni ni kiwanja cha mtu ambaye hajamaliza kujenga. Hata hivyo nina visu vya porini, vile visivyokunjwa, vyenye chuma kinachopita ndani ya mpini mpaka mwisho. Mke wangu huniuliza najiandaa kupigana na nani. Namwambia nafanya tathmini.

Na tathmini yangu haina mchezo. Jumamosi asubuhi nakilaza kisu juu ya kuni ya mwarobaini, nakigonga mgongoni kwa rungu mpaka kuni ipasuke. Halafu nakata kamba ya katani, nachonga kigingi, nafungua dafu. Dafu ndilo linaloumbua visu. Kimoja kilikuwa kizuri kwa sura, chenye meno mgongoni na dira kwenye kitako cha mpini. Kilivunjika kwenye dafu la kwanza, dira ikaendelea kuonyesha kaskazini. Kingine kinanoleka mpaka kinanyoa vinyweleo vya mkononi, lakini hewa ya bahari haina adabu na chuma. Ukikiacha bila mafuta, asubuhi unakikuta na kutu kama bati la banda la kuku.

Shahidi wa haya yote ni jirani yangu, fundi uashi mstaafu, Muislamu wa Songea. Yeye Mngoni, mie Mhehe, kwa hiyo ni watani. Shikamoo namwamkia, maana kanizidi umri sana. Marahaba anaitikia, kisha matusi yanaanza.

"Mhehe, leo unamchinja mbwa wa nani?"

Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa; mie sijawahi maishani mwangu. Kubisha nilishaacha.

Mzee huyu ndiye aliyekuwa mchinjaji wa mtaa. Krismasi sie Wakristo tulikuwa tunampelekea kuku wetu, kwa sababu akichinja yeye kila mgeni anakula bila kuuliza. Halafu akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulirudi nusu: vidole vinafumba polepole, kiganja kinatetemeka. Krismasi iliyofuata kuku tukawapeleka kwingine. Sie tuliona tunamhurumia. Yeye aliona tumemzika.

Mwaka huu binti yake, aliyekaa kwenye ndoa miaka bila mtoto mpaka watu wakachoka kumsema, akajifungua mtoto wa kike. Ikapangwa akika, mbuzi achinjwe kumshukuru Mungu kwa mtoto. Mkwe wa mzee, mume wa binti, akasema atachinja yeye, baba apumzike. Jioni ile mzee akaja kwangu na mkongojo wake, akakaa kwenye gogo langu la kupasulia kuni.

"Mtani, nitafutie kisu. Mbuzi wa mjukuu wangu nataka nimchinje kwa mkono huuhuu. Nikikosea, mnyama atateseka na nyama itakuwa nyamafu mbele ya wageni. Na hapo watanikalisha kwenye kiti cha plastiki mpaka nife."

Hakutia utani hata chembe. Nikaogopa.

Nilivitoa visu vyote. Kuni na dafu nikaziweka kando, nikakata kipande cha mgomba, maana ni laini na kina maji, tukakilaza juu ya gogo. Kisu kirefu kilimvuta kifundo cha mkono kikaenda kinakotaka chenyewe. Chembamba kilizunguka kiganjani kama sabuni. Nilichokuwa nakisifia miezi yote, cha mpini wa mbao, kilimponyoka kikadunda karibu na kidole changu cha mguu. Mzee hakucheka. Alikuwa anatoka jasho.

Cha mwisho kilikuwa kile ambacho siku zote nilikidharau: kinene mpini, mpira mtupu, kimetengenezwa kwa mtu mwenye glavu zilizolowa. Vidole vyake vikafumba, vikatulia. Akavuta mara moja. Mgomba ukaachana.

"Hiki," akasema. Nusu ya mdomo inayocheka ikacheka.

Mke wangu alikuwa anaanua nguo. Akakohoa. Nikakielewa kikohozi chake palepale. Kisu kile tulikwenda nacho kupanda milima Morogoro mwezi uliopita, na shemeji yangu alikikatia nyama ya nguruwe, kitimoto kilo nzima, huku anaimba.

Sabuni ninayo, na mdomo wa kufunga ninao. Lakini akika ya watu! Na ya binti yule!

"Mzee, nisamehe. Kisu hicho shemeji yangu alikikatia kitimoto."

Akakiweka chini taratibu. Akakitazama, akautazama mkono wake, na mie nikajua nimemnyang'anya mbuzi wake.

"Nguruwe?"

"Nguruwe."

"Una hakika siyo mbwa?"

"Mzee!"

"Haidhuru, dawa yake ni moja. Lete ndoo ya maji na udongo msafi. Kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nyie Wahehe mtatumalizia maji."

Nilitaka kumsaidia, akanifukuza. Aliosha mwenyewe, maji yakimlowesha miguu, anahesabu kwa sauti. Katikati kikamponyoka kikazama kwenye ndoo. Akatukana kidogo, akaomba msamaha kwa Mungu, akaanza upya.

Siku ya akika mbuzi alilazwa akaelekezwa kibla. Mkwe wake alisimama nyuma na kisu chake tayari, na sikumlaumu. Mzee alikuja na kisu amekificha kwenye mkunjo wa kanzu, mnyama asikione. Akapiga goti kwa shida. Mkono ulitetemeka mpaka ulipogusa shingo. Akataja jina la Mungu, akavuta.

Mara moja tu. Ustadhi wa mtaa akainama kuangalia shingo, akatikisa kichwa kukubali. Mkwe akarudisha kisu chake kwenye ala.

Binti akatoka ndani na mtoto ingawa wanawake walimkataza. Mzee akamsogelea mjukuu wake, akamchungulia usoni.

"Mke wangu," akamwambia, "mbuzi wako kachinjwa na mumeo mwenyewe. Akija mtu kukwambia vingine, mwambie muongo."

Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka tena, una damu mpaka kwenye kifundo. Hakuuficha.